Samaki huyu au kisukuku hiki?

SWALI: Msomaji aliyeko Denver, Marekani, anaandika: "Mimi na wenzangu wawili kutoka Afrika Mashariki huenda Kemmerer, jimbo la Wyoming, kila kiangazi. Kuna machimbo ambako unalipa, unapewa nyundo na patasi, unapasua mawe yenye samaki wa kale. Sasa tunaandaa meza ya maonyesho kwa watoto wa jumuiya yetu na tunataka vibandiko viwe vya Kiswahili. Hapo ndipo tulipogombana. Mmoja anataka 'mabaki ya samaki', mwingine 'fosili', mimi 'kisukuku'. Tuseme samaki huyu amevunjika au kisukuku hiki kimevunjika? Na vile vijifupa ni mifupa au miiba? Tuna samaki mmoja ambaye bado hatujamjua ni wa aina gani. Kibandiko chake tumekiandika hivi: 'Samaki wa ajabu mwenye miiba mingi, mkia umekatika.' Kiko sawa?"

JIBU: Kisarufi kiko sawa. Kimaana, maneno manne kati ya hayo manane yanampoteza msomaji: samaki, ajabu, miiba na mkia.

Jina kwanza. "Mabaki ya samaki" ni kile anachopewa paka baada ya chakula. Mtoto wa miaka minane ataangalia lile jiwe na kucheka, na hatakuwa amekosea. "Masalia" yana heshima zaidi, lakini Wakatoliki wameshayazoea kwa masalia ya watakatifu, na kwa wengine ni vitu vyovyote vya kale, vigae na shanga vikiwemo. Kuna na hoja nzito kuliko hizo: si kila kisukuku ni kitu kilichobaki. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi na ni visukuku, ingawa hakuna kiungo hata kimoja cha mwenye nyayo kilichosalia pale. Nanyi mnalijua hilo kwa mikono yenu. Jiwe likipasuka katikati ya samaki, upande mmoja hubaki na mifupa mingi na wa pili hubaki na chapa. Ile chapa nayo ni kisukuku, lakini ukiiita mabaki utaulizwa ni mabaki ya nini.

Kwa hiyo ninakuunga mkono: kisukuku, wingi visukuku. "Fosili" si kosa (fosili hii, fosili hizi), ila msichanganye maneno mawili kwenye meza moja, watoto watadhani ni vitu viwili. Tahadhari moja tu. Wengi wamelisikia neno hili kwenye habari za tabianchi, katika "nishati ya visukuku", na masikioni mwao kisukuku kimekuwa jina la petroli na makaa ya mawe. Kibandiko cha kwanza mezani kiwe na maelezo mafupi: kisukuku ni kiumbe wa kale, sehemu yake au alama yake, iliyohifadhiwa ndani ya mwamba. "Zamadamu" liacheni kwa binadamu wa kale na jamaa zake, samaki hahusiki.

Msiandike pia "samaki wa mwamba" wala "samaki wa mawe". Kwa mtu wa Pwani mwamba ni ule wa matumbawe, na samaki wa mwambani ni changu na chewa, tena wabichi. "Samaki wa zamani" linanuka kidogo. "Samaki wa kale" linafaa.

Sasa huyu na hiki. Katika Kiswahili kifo hakimtoi kiumbe kwenye ngeli ya A-WA. Samaki aliye kwenye kikaango bado ni huyu, na tunasema ameungua. Hata maiti, neno ambalo wengine hulipatanisha kama kitu (maiti hii), wengine huliacha na utu wake (maiti huyu). Basi samaki aliyelala ndani ya jiwe kwa miaka milioni 52 hivi, kama hao wenu wa Kemmerer, ana haki ya kuitwa huyu. Kisukuku nacho ni hiki, KI-VI, bila mjadala. Mnaona mnachagua kati ya sarufi mbili, kumbe mnazungumzia vitu viwili. Kuna mnyama aliyeishi kwenye ziwa la kale lililokuwapo hapo Kemmerer, na kuna kipande cha mwamba mlichokibeba garini.

Kipimo ni hiki: jambo hili lilimpata mnyama, au lililipata jiwe? "Samaki huyu alikufa akiwa na mwenzake kooni" ni sahihi, maana hayo yalimpata akiwa na uhai au akiikaribia mauti. Wapo samaki wa Kemmerer waitwao Mioplosus waliopatikana hivyo hivyo, samaki mdogo amenasa kinywani. "Kisukuku hiki kimevunjika vipande vitatu" ni sahihi pia, kwani nyundo ilivunja jiwe. Lakini mkiandika "samaki huyu amevunjika", mtaalamu hawezi kujua kama mwili ulitawanyika chini ya ziwa kabla ya kufunikwa na matope au mlimdondosha kwenye maegesho ya magari. Kwa anayechunguza mazingira ya ziwa lile, tofauti hiyo ni kubwa. Mwili uliotawanyika kabla ya kuzikwa unamweleza habari za maji ya siku zile. Jiwe lililoanguka linamweleza habari zenu.

Kwa sababu hiyo hiyo nisingeandika "samaki aliyegeuka jiwe" kwenye kibandiko cha Kemmerer, ingawa linasikika vizuri. Nyama imekwisha, na ile rangi ya kahawia au nyeusi mnayoiona ni mifupa na magamba yenyewe, yakiwa yamepokea madini, juu ya mwamba wa chokaa wenye rangi hafifu. Andikeni "aliyehifadhiwa ndani ya jiwe".

Miiba ndiyo yenye kazi. Mezani, kila kinachochoma ulimi kwenye samaki ni mwiba: ubavu ni mwiba, kijifupa cha mgongoni ni mwiba, na mtoto akikabwa tunasema mwiba umemkwama kooni. Matumizi hayo ni Kiswahili safi na hakuna wa kuyafuta. Kwenye kibandiko cha kisukuku, hata hivyo, yanaleta balaa, kwa sababu anayetambua samaki wa kale anahesabu miiba halisi, yaani ile migumu yenye ncha iliyo mbele ya mapezi ya sangara na sato, ile inayomfanya mwosha samaki awe mwangalifu. Mwiba wa namna hiyo haufanani na ubavu, wala haufanani na zile njiti laini zinazoshikilia utando wa pezi.

Tazameni samaki wenu. Knightia, yule mdogo anayepatikana kwa wingi hata akafanywa kisukuku rasmi cha jimbo la Wyoming mwaka 1987, hana mwiba hata mmoja kwenye mapezi. Ni wa jamii ya dagaa wa baharini. Anachokuwa nacho ni mbavu nyembamba nyingi, na tumboni mstari wa magamba magumu yenye ncha kama meno ya msumeno. Diplomystus naye hana miiba. Mtamjua kwa mdomo unaotazama juu na pezi refu la chini linalokaribia mkia, wakati la Knightia ni fupi. Mioplosus ana mapezi mawili ya mgongoni, na lile la mbele lina miiba. Priscacara ana pezi moja refu la mgongoni: nusu ya mbele ni miiba minene, nusu ya nyuma ni njiti laini. Kisha kuna Heliobatis, taa wa maji baridi, na mvuvi yeyote wa Kilwa atawaambia mwiba wa taa uko wapi: mkiani, na haufanyiwi mzaha.

Kwa hiyo mkiandika "miiba mingi" huku mnamaanisha mbavu, mmemtoa Knightia kwa dagaa wenzake na kumpeleka kwa Priscacara. Gaweni hivi: mbavu ni mbavu, pingili ni zile za uti wa mgongo, njiti ni zile laini za pezi, mwiba ni kile kilichoumbwa kuchoma. "Njiti za pezi" silo neno la kamusi za biolojia, lakini kila aliyewahi kushika kiberiti ataelewa.

Mkia nao una utata mdogo. Kwetu mkia ni kuanzia pale mwili unapokonda hadi mwisho kabisa. Anayepima samaki hutenganisha mwili na pezi la mkia, kwa kuwa pezi hilo hukatika mara nyingi. Hupima kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa uti wa mgongo. Andikeni "pezi la mkia limekatika" kama ni pezi, na kipimo kiwe "urefu bila pezi la mkia". Mapezi mengine ni rahisi: la mgongo, la kifua, la tumbo. Lililo nyuma ya tumbo wanabiolojia huliita pezi la mkundu, na maabara hakuna anayeshtuka. Mbele ya watoto na bibi zao, "pezi la chini karibu na mkia" litawaepusha na vicheko.

"Wa ajabu" ni maoni yenu, si sifa ya samaki. Kama wamepatikana wachache tu, ni adimu. Kama hamjui ni nani, bado hajatambuliwa. Kutambua ni kusema huyu ni fulani. Kuainisha ni kumpanga kwenye ukoo wake. Mnaweza kuainisha bila kutambua, mkasema ni wa jamii ya dagaa bila kujua aina. Neno "bandia" nalo mlitumie kwa uangalifu. Kisukuku bandia kimetengenezwa na mtu ili kudanganya. Ile michoro myeusi kama matawi ya mti inayotandaa kwenye nyufa za mawe ni madini ya manganizi, na hakuna aliyedanganya. Iiteni "jiwe linalofanana na kisukuku". Na pale pezi lililokosekana lilipojazwa kwa rangi, jambo la kawaida kwa samaki wa Kemmerer wanaouzwa madukani, andikeni wazi: "sehemu ya pezi imechorwa".

Majina ya kisayansi yanafuata mnyama, si tahajia yake. Knightia hawa, Priscacara yule. Mfano mzuri uko nyumbani. Mahenge, mkoani Singida (si ile Mahenge ya Morogoro), palikuwa na ziwa ndani ya kreta miaka milioni 46 hivi iliyopita, na samaki wake wamehifadhiwa ndani ya miamba. Mmoja alipewa mwaka 1967 jina la Singida jacksonoides. Hapo upatanisho ndio unaotuokoa: Singida ilikuwa na ziwa, lakini Singida alikuwa na mapezi. Yumo kwenye kundi la samaki wenye ulimi wa mfupa, kundi lile lile la Phareodus mnayemkuta Wyoming, yule mwenye meno makubwa yaliyochongoka. Mahenge wametoka pia Mahengechromis, wa ukoo wa sato na perege. Wawekeni kwenye kibandiko kimoja, hata kwa picha tu.

Kuhusu vitenzi, msiseme "tulichimba" kwa kila kitu. Kemmerer mnapasua: patasi nyembamba ubavuni mwa jiwe, mnagonga polepole mkizunguka, tabaka linabanduka. Mifupa iliyozikwa mchangani hufukuliwa, kama kaburi. Iliyo juu ya ardhi, kwa mfano pingili za sangara na vipande vya mafuvu ya kambare kando ya Ziwa Turkana, huokotwa, na anayeiokota ni mtafiti mwenye kibali. Samaki aliyebaki chini ya utando wa jiwe hukwanguliwa kwa sindano. Neno "tulichimba" lina uzito wa kisheria pia. Tanzania, kuchimba visukuku bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kenya inayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Na huko mliko, kwenye ardhi ya serikali kuu, visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo havichukuliwi bila kibali. Semeni mlipasua kwenye machimbo ya kulipia.

Nyinyi wenyewe mjiiteje? "Wanagenzi" ni watu wanaojifunza kazi. Lenu lipo tayari kwenye michezo: ngumi za ridhaa ni za wasiolipwa. Wasaka visukuku wa ridhaa.

Sasa kibandiko, hesabu na vipimo vikiwa vya mfano tu hadi mhesabu wenyewe kwa taa iliyolazwa ubavuni mwa jiwe:

"Kisukuku cha samaki, bado hajatambuliwa. Machimbo ya kulipia karibu na Kemmerer, Wyoming, Julai. Urefu bila pezi la mkia: sm 14. Samaki amelalia ubavu wa kulia, kichwa kimeelekea kushoto. Pezi la mgongo ni moja: miiba 10 mbele, njiti laini nyuma. Pezi la chini lina miiba 3. Pezi la mkia limekatika pamoja na jiwe. Upande wa pili, wenye chapa, umehifadhiwa."

Kikisomeka hivyo, mtu anayewajua samaki wa Kemmerer atawauliza kwanza kama mmemlinganisha na Priscacara. Mkikuta ile "miiba" ilikuwa mbavu, na tumboni kuna meno ya msumeno, basi mnaye Knightia mwingine.