Kwenda saa 15, kurudi saa 6?

SWALI: Shikamoo mzee. Mke wangu ana duka la nguo hapa Chikongola, na mwezi ujao anakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Tiketi inasema ataondoka Dar 14:00 na kufika 05:40 kesho yake. Kurudi, ataondoka huko 09:00 na kutua Dar 15:30 siku hiyohiyo. Kwa hesabu yangu kwenda ni saa 15 na ushee, kurudi saa 6 na nusu. Vijana wa kijiweni wananiambia ndege ikirudi huwa inateremka mlima. Ni kweli? Msomaji, Mtwara.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao vijana wamekupata!

Tiketi huandika saa za kuondoka na kufika kwa majira ya kila mji. China nzima ina majira mamoja, na imetutangulia kwa saa 5. Mkeo akitua 05:40, kwao ni saa 11:40 alfajiri. Wewe Mtwara ni saa 6:40 usiku, unakoroma. Basi zile 5 zitoe kwenye kwenda, uziongeze kwenye kurudi. Utapata saa 10 na dakika 40 kwenda, saa 11 na nusu kurudi. Kumbe kurudi ndiko kurefu.

Dakika 50 hizo zimeliwa na upepo. Kule juu, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, upande wa kaskazini mwa safari hiyo upepo mara nyingi huvuma kutoka magharibi, hasa miezi ya baridi ya huko. Anayekwenda mashariki husukumwa, anayerudi huukabili. Mvuvi yeyote wa Shangani anaijua habari hiyo.

Dar hadi Guangzhou, kwa mstari mfupi kuliko yote, ni kilomita 8,700 hivi. Ndege kubwa ikishatulia angani hukata kama 900 kwa saa. Muda unaozidi huishia kwenye kupaa, kushuka na kufuata njia za anga, ambazo hazijanyooka.

Ila mimi ningehangaikia zaidi kipande cha Mtwara na Dar. Angani ni kilomita 400 hivi, mwendo wa saa moja. Kwa basi zinapita 550, na siku inaisha njiani. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kule Kilwa, watu wakakwama. Ndege ya saa 8 mchana inamtaka awe uwanjani saa 5 asubuhi, kwa hiyo alale Dar. Hata kama atapanda ndege kutoka hapa, alale Dar: tiketi mbili zikikatwa mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, hasara ya pili ni yenu.

Na aweke WeChat kwenye simu kabla hajaondoka, wewe pia uiweke, maana WhatsApp imefungiwa huko. Mpigie kabla ya saa 11 jioni ya hapa. Ukivuka hapo kwao ni saa 4 usiku, na mtu aliyezunguka masoko kutwa hataki kuulizwa bei ya mashati.