Ubaguzi wa rangi, ila ni rangi ya boti

Ndugu zangu wa kundi la familia, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Wiki iliyopita niliwatumia picha: mimi nimeegemea boti ya kijani, jua linawaka, bata wawili wanapita. Sijaweka hata simu chini, mtoto wa shangazi aliyeko Mbagala kaandika: "Kaka, kumbe una boti Ulaya na huku tunachangishana ada?" Shangazi mwenyewe akafuatisha sauti ya dakika tatu ambayo, ukiondoa dua na kikohozi, ina swali moja: "Hao Wazungu unaokaa nao kwenye maji hawakubagui, mwanangu?"

Mpaka sasa nimewajibu kwa vikatuni vya kucheka. Leo usiku sina zamu, mvua inapiga bati juu ya kichwa changu, basi nijibu kama mtu mzima.

Nianze na boti. Ondoeni picha za Dubai kichwani. Hiki ni chombo cha chuma chenye urefu wa futi 50 na upana wa mita mbili na kidogo. Nikilala kwa kukatisha, utosi unagusa ukuta huu na nyayo zinagusa ule. Zinajengwa nyembamba hivi kwa sababu mifereji mingi ya katikati ya Uingereza ilichimbwa karne ya 18 na malango yake yana upana wa futi 7 tu. Niliinunua kwa akiba ya miaka tisa ya kubeba maboksi, pamoja na mkopo ambao bado naulipa, kwa kuwa kodi ya chumba London ilikuwa inanimaliza. Gati ya kudumu sina. Sheria ya mwaka 1995 inasema asiye na gati asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, kwa hiyo kila wiki mbili nawasha injini na kuhama, kama Mmang'ati na ng'ombe wake, ila ng'ombe wangu ni mmoja na anakunywa dizeli. Leseni kwa mwaka inazidi paundi 1,000. Tangu Aprili 2024 sisi tusio na gati tunaongezwa juu yake. Tulianza na asilimia 5, na mpango ni kufika asilimia 25 mwaka 2028. Huo ndio utajiri.

Sasa swali la shangazi. Ubaguzi wa rangi upo, siwezi kukuficha. Kuna usiku kijana mmoja juu ya daraja alinitupia neno ambalo halikuhusu boti hata kidogo. Lakini hapa mferejini, rangi ya kwanza wanayoitazama ni ya boti. Ya kwako wataifikia baadaye.

Juu kabisa wako wenye boti zinazong'aa. Wengi ni wastaafu, wana gati la kulipia, wana kopo maalumu la nta na kitambaa maalumu cha kusugua shaba. Matundu ya hewa juu ya paa ni shaba, taa za mbele zimezungushiwa shaba, na kila asubuhi mzee yuko nje kwa kandambili anasugua. Paa halina kitu isipokuwa ndoo ya maji iliyochorwa maua. Chini yao tupo sisi tunaoishi humo mwaka mzima, na paa letu linasema hivyo: magunia ya makaa, kuni, baiskeli, toroli, paneli za sola, mche wa nyanya uliokufa Septemba. Huyu anamwona yule mchafu, yule anamwona huyu mtalii wa wikiendi. Wote wawili wanaungana kuwacheka wenye boti za plastiki, ambazo huku huitwa vikopo vya mtindi. Na kuna kikundi kidogo cha wenye boti halisi za mizigo za zamani, zenye injini inayodunda polepole kama mtu anayetwanga. Hao hawamwangalii mtu. Kwao sisi sote tuliobaki tunaendesha midoli.

Mpaka choo kina tabaka, shangazi, samahani kama unakula. Wapo wenye tangi linalonyonywa kwa pampu, na wapo wenye kijisanduku unachokichomoa na kukibeba mwenyewe mpaka mahali pa kumwaga. Mimi nabeba. Siku ya kubeba natembea haraka na uso wa mtu aliyebeba begi la kompyuta.

Kinachonichekesha ni yale maua kwenye ndoo. Mifereji hii zamani ndiyo ilikuwa barabara ya makaa ya mawe. Mbele ya boti tani za mzigo, nyuma kijichumba kisichofika hata mita tatu na nusu, na humo baba, mama na watoto wao wote. Watu wa mjini waliwaita wachafu na wezi, watoto wao hawakutulia shuleni kwa sababu kesho yake boti imeondoka. Mwaka 1877 bunge lilipitisha sheria ya kusajili boti zinazokaliwa na watu na kuzikagua kama zimejaa kupita kiasi. Familia hizo ndizo zilizokuwa zikichorewa waridi na makasri kwenye milango na ndoo, na kusugua shaba mpaka ing'ae, ili yeyote anayechungulia aone kwamba humu ndani kuna usafi. Biashara ya mizigo ilikuwa inakufa taratibu, na baridi ya 1962 hadi 1963, ambapo mifereji iliganda kwa wiki nyingi, iliimaliza karibu yote. Leo waridi zile zile ziko kwenye boti ya mstaafu, na ndizo anazotumia kunipima mimi ninayelala humu na kuwasha makaa.

Turudi kwenye picha. Mwaka juzi niliamua kuipaka boti yangu rangi. Kazi yenyewe si ya kumwaga na kupaka. Unakwangua kutu kwa brashi ya waya, unapiga msasa, unapaka dawa ya kutu, unapaka rangi ya chini mara mbili, halafu ndipo ya juu, na katikati ya kila hatua unamwomba Mungu asilete mvua. Huku Mungu analeta. Nilianza Agosti kwa ubavu wa kushoto. Nilipousimamisha vizuri ilikuwa Oktoba, hela imekata, vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo kushoto ni kijani kama jani la mgomba, kulia ni kutu yenye mabaka ya kijivu ya ile dawa. Mnaijua nyumba iliyopigwa lipu upande wa barabarani peke yake? Ndiyo hiyo, ila inaelea.

Boti ya futi 50 haigeuki popote. Mfereji ni mwembamba, lazima ufike mahali palipochimbwa pana. Kwa hiyo ubavu ulioelekea njia ya waenda kwa miguu unaweza kubaki huko mwezi mzima. Kwenye kipande ninachopita sana, nikielekea kaskazini njia iko kushoto kwangu: wapita njia wanaona kijani, wenye boti wanaopita majini wanaona kutu. Nikirudi kusini inakuwa kinyume.

Basi safari moja nakwenda kaskazini, baada ya mji wa Watford, nimejifunga ukingoni nangoja loki. Loki ni chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma, kinakupandisha au kukushusha kama lifti. Kwenye mfereji ule wa kwenda Birmingham zinaingia boti mbili nyembamba ubavu kwa ubavu, na ustaarabu ni kuingia pamoja, maana mnagawana kazi na mnaokoa maji. Ikaja boti ya buluu nzito, shaba yake kama masinia ya harusi. Bwana kashika kana, ule mpini wa usukani, kwa vidole viwili, ananitazama kuanzia omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma, anaona ubavu wa kulia na matairi mawili makuukuu niliyoning'iniza. Akasema kwa adabu kabisa, "Tutapita peke yetu, asante. Rangi yetu bado mpya." Akaingia. Mkewe akafunga lango. Kando yao imebaki nafasi tupu inayonitosha, na mimi nimesimama na hendeli yangu ya kufungulia maji kama mtu aliyekosa daladala.

Ilikuwa rangi ya boti au ya ngozi? Nilijiuliza swali hilo mpaka mji wa Berkhamsted.

Wiki tatu baadaye narudi kusini. Sasa wenye boti wanaona kijani. Boti nyingine ya aina ile ile, shaba ile ile, wazee wawili wananipungia kwa mbali: "Njoo tuingie pamoja!" Mama akanishikia kamba, akanipa kipande cha keki ya limau, akasema naonekana naitunza sana boti yangu. Mimi ni yule yule, weusi ule ule, koti lile lile. Lakini na wao hawakuwa wale wa kwanza, kwa hiyo hesabu yangu haifungi. Ninachojua ni kwamba maji yalipokuwa yakishuka, mume alitembea juu ya lango kwenda upande wa pili, akaangalia chini, akauona ubavu wa kulia. Hakusema neno. Keki ya pili haikuja.

Na kwenye njia safari hiyo kutu ndiyo iliyokuwa inawatazama wapita njia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia alisimama akagonga dirisha. Nilipofungua akaruka nyuma. Alitaka kujua kama boti imetelekezwa, aipigie simu mamlaka.

Sasa ngoja niseme na langu, maana nimeahidi jibu la mtu mzima. Siku ile ya picha nilikuwa nimefunga jirani na kikopo cha mtindi. Kimeezekwa turubai la bluu, dirisha moja ni kadibodi, na mwenyewe ni mzee wa Kiingereza anayeishi na mbwa. Nilishasogea mita kumi kutoka kwake tangu siku ya kwanza, nikijidanganya kwamba ni kwa sababu ya mbwa. Ilipofika picha nikageuza simu hivi, nikageuza vile, turubai linaingia tu. Mzee alikuwa amekaa nje na kikombe chake. Hakuuliza kitu. Aliinuka, akavuta ile ncha ya turubai, akaikunja, akasogeza na baiskeli yake mbovu nyuma ya kichaka, akarudi kukaa. Nikapiga picha, nikawatumieni. Mkaandika "mashaallah" kumi na saba.

Kwa hiyo, mtoto wa shangazi, boti uliyoiona ni nusu, na hiyo nusu nayo ilisafishiwa njia.

Jana niliona aibu, nikapiga picha ubavu wa pili, nikamtumia mjomba peke yake. Mnamjua mjomba, kazeekea kwenye kalafati, kuziba nyufa za majahazi, pale Deep Sea, Tanga, hajawahi kusifia jahazi kwa rangi yake. Majahazi yakiletwa yamepakwa vizuri yeye huinama chini yake na kigongo, anagonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Nilitarajia atanicheka. Akajibu kwa maneno mawili: "Ngama je?" Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, maji yanakojikusanya.

Mafundi wa huku wanakubaliana naye, wana kipimo tu badala ya kigongo. Boti inatolewa majini, fundi anapita na kifaa kinachosoma unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, na kampuni nyingi za bima zinataka chuma cha chini ya maji kisipungue milimita 4. Nimewahi kuiona boti ya maua na shaba imening'inizwa kwenye winchi, mwenyewe kashika karatasi ya vipimo, hasemi. Milimita 3 na kitu, sehemu kadhaa. Alikuwa amesugua miaka kumi upande ambao maji hayafiki.

Basi usiku huu, kabla sijaanza kuandika, nikafunua ubao wa sakafu karibu na injini, nikamulika tochi. Maji yapo, vidole viwili. Inaweza kuwa jasho la chuma, baridi ikizidi huwa linachuruzika mpaka chini. Inaweza kuwa bomba. Inaweza kuwa lile ambalo mjomba analiulizia. Nimeyakausha kwa taulo zote nilizonazo, nimetandika gazeti kavu chini, nimerudisha ubao.

Ada ya mtoto nitatuma sehemu Ijumaa nikilipwa, msinihesabie yote. Mjomba, gazeti nitaliangalia asubuhi, kisha nitakupigia.