Maswali na majibu: Njia ya kushukia baharini

Tangu lianze kuzungumzwa wazo la njia ya matembezi kandokando ya bahari jijini Dar es Salaam, maswali yenu yamekuwa mengi. Nimeyachagua haya saba. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mbezi Beach tulikuwa na kichochoro cha kushukia baharini kati ya viwanja viwili. Jirani amekiwekea geti, anasema ni sehemu ya kiwanja chake. Watoto wetu sasa wanazunguka mbali sana. Tuanzie wapi? (Mama wa watoto watatu)

Dada yangu, anzeni na mchoro kabla ya kuligusa geti. Eneo lililopimwa huwa na mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Humo, njia ya miguu huonekana kama nafasi nyembamba kati ya viwanja, yenye bikoni, yaani alama za mpaka za wapimaji, kila upande. Chukueni namba za viwanja viwili vinavyopakana na kichochoro, nendeni ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Kinondoni, mwombe kuona mchoro ulioidhinishwa. Msikubali kujibiwa kwa mdomo tu.

Kama njia imo, jirani amevamia ardhi ya umma na hati yake ya kiwanja haimsaidii hapo. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa manispaa, ipitie serikali ya mtaa, iwe na picha na saini za kaya zinazotumia njia hiyo. Nakala mtakayobaki nayo igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, baada ya miezi mitatu mtaambiwa barua haikufika. Na tafadhali msivunje geti wenyewe, maana siku hiyo mtageuka ninyi ndio washtakiwa.

Kama njia haimo ila watu wamepita hapo miaka mingi, kazi ni ngumu zaidi lakini inawezekana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina utaratibu wa kuanzisha haki ya njia kwa ajili ya umma juu ya ardhi ya mtu, na halmashauri inaweza kuupeleka mbele kwa Kamishna wa Ardhi. Mwenye kiwanja anaweza kustahili fidia, kwa hiyo diwani wenu ahusishwe mapema ili suala la fedha liingie kwenye bajeti.

Msikilizeni na jirani. Mara nyingi aliyefunga ana sababu: wezi walipita usiku, au watu waligeuza kichochoro jalala. Taa moja, nguzo za kuzuia magari na zamu ya usafi vinaweza kumaliza ugomvi ambao mahakamani ungekula miaka.

Nimekaa sana kwenye swali hili kwa sababu kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Wengi mnaniandikia mkitamani njia ndefu ya mawe yenye taa kutoka mjini hadi Bahari Beach. Naitamani pia. Lakini ikijengwa huku vichochoro vya kuifikia vimezibwa, itakuwa njia ya wageni wa hoteli na wenye nyumba za mbele. Anayeshuka daladala Barabara ya Bagamoyo ataisikia tu. Kwanza vichochoro, halafu njia.

Nikitembea mchangani mbele ya hoteli, mlinzi hunirudisha. Ana haki? (Kijana wa Kunduchi)

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sheria ya Ardhi nayo inautaja ukanda huohuo wa mita 60 kati ya maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Kwa hiyo aliyejenga ukuta hadi majini ana la kujibu mbele ya NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira.

Lakini kisome vizuri kifungu hicho. Kinazuia ujenzi na uharibifu. Hakisemi waziwazi kwamba mimi na wewe tuna njia ya kupita humo. Pengo hilo ndilo linalompa mlinzi ujasiri wa kukurudisha. Dawa yake ni halmashauri za pwani kuandika njia ya umma ndani ya mipango yao ya ardhi, pamoja na upana wake, ili isitegemee hisani ya mtu.

Kwa sasa pita karibu na maji na usikalie viti vyao. Mlinzi ni kijana mwenzako anayelinda kibarua chake, usigombane naye. Andika tarehe na mahali, upeleke serikali ya mtaa. Malalamiko kumi yaliyoandikwa yana uzito kuliko kelele za siku moja.

Sisi wavuvi wa Msasani tukisikia "njia ya matembezi" tunasikia "ondokeni". Tumekosea? (Mvuvi wa siku nyingi)

Shikamoo mzee wangu. Hamjakosea kuogopa. Mahali pengi neno "kupendeza" limewahi kumaanisha kuwaondoa waliokuwapo.

Diko ni mahali pa kazi. Hapo ndipo mtumbwi unapovutwa juu, nyavu zinaanikwa na kushonwa, samaki wananadiwa, na akina mama wanakaanga wa kupeleka mitaani. Ukipitisha zege katikati, umevunja kazi ya watu wote hao, maana chombo hakiburutwi juu ya zege. Njia ikifika dikoni inapaswa ipinde, ipite nyuma, kati ya diko na nyumba, na mchanga ubaki mchanga. Hilo ni jambo la mchoro, na mchoro haubadiliki kirahisi baada ya mkandarasi kupatikana. Kikundi chenu cha BMU, yaani cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni, kidai kiti mezani sasa, wakati bado ni mazungumzo, na kiweke kwenye maandishi ukubwa wa eneo mnalotumia bahari ikiwa shwari na wakati wa kusi, vyombo vinapokaa nchi kavu muda mrefu.

Lipo lingine linaloniumiza. Sheria ya mita 60 isiwe fimbo ya kuwachapa wenye vibanda vya makuti huku kuta za zege zikiachwa zimesimama. Ikianza kutumika, ianze na vilivyo vikubwa.

Nanyi mnaotembea asubuhi kupitia madikoni: msikanyage nyavu, msipige watu picha bila kuwauliza, na mkiweza nunueni samaki.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Tukifika Coco Beach anaishia kwenye gari. Kuna linaloweza kufanyika?

Lipo, na si la gharama kubwa. Kipimo kinachotumika sana kwa mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: penye kimo cha nusu mita, mteremko uwe na urefu wa mita 6. Mbele yake iwekwe njia ngumu juu ya mchanga, ya mbao au mikeka maalumu, hadi karibu na maji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kufika maeneo ya umma kama wengine, kwa hiyo unapoiandikia manispaa huombi fadhila. Mpaka hapo, mpeleke asubuhi kando ya ukuta wa bahari wa Barabara ya Barack Obama, ambako ni tambarare.

Naweza kutembea kutoka Hospitali ya Ocean Road hadi Coco Beach bila kupitia Daraja la Salenda?

Ndiyo. Fuata Barabara ya Barack Obama, halafu Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilometa 1.03 na lililofunguliwa mwaka 2022. Lina njia za waenda kwa miguu, na upande wa pili linakushusha karibu na Coco. Beba maji na kofia. Juu ya daraja hakuna kivuli.

Wanawake tunaotembea jioni tunaogopa sehemu zenye giza. Walinzi zaidi?

Walinzi, sawa, lakini kwanza taa na watu. Penye muuza mihogo na muuza madafu pana macho, kwa hiyo wafanyabiashara wadogo wapangwe vizuri na wasifukuzwe. Ongezeni vyoo safi. Njia ya kilometa tano isiyo na choo imewafungia wanawake na wazee.

Bahari ikijaa, mbele ya mtaa wetu hapapitiki kabisa. Njia itapita wapi? Na sisi wa Kigamboni, ambako viwanja vya ufukweni bado vinapimwa, tufanye nini?

Kwanza maji. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Njia ya kutegemea mchanga wa chini pekee ni ya saa chache, kwa hiyo ya kudumu ipite juu, nyuma ya mikungu na mivinje. Kuijengea ukuta si jibu la kila mahali: wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga wa mbele yake, na watu wa Kunduchi wanajua ufukwe unavyoliwa.

Kigamboni, nafasi mliyonayo ninyi, Mbezi Beach ilishaipoteza. Mchoro wa eneo ukiletwa kwenye mkutano wa mtaa, hesabuni njia za kutoka barabarani hadi ufukweni. Mkikuta viwanja vimebanana bila njia, kataeni siku hiyohiyo, na pingamizi lenu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Ombeni kila njia iwekewe bikoni, ipewe jina na ionekane kwenye ramani. Mtendaji wa mtaa abaki na nakala, na ninyi mbaki na yenu.