Mkate wa mofa na bakteria wa tumboni

Swali: Assalaam aleikum, daktari wa lishe. Mimi ni mama wa nyumbani, Langoni, Lamu. Nimesikia mhadhara kuhusu bakteria wa tumboni na faida ya vyakula vilivyochacha. Kwetu twala mofa na mkate wa kumimina, na unga tunauacha uumuke usiku kucha. Je, ni sawa na kula mtindi? Na muuza dawa aniambia ninunue vidonge vya bakteria kwa sababu tumbo langu hujaa gesi. Ninunue?

Jibu: Waaleikum salaam, dadangu. Kwa upande wa bakteria hai, mofa si sawa na mtindi. Hamira ni aina ya kuvu, nayo hufa joto likipita nyuzi 60 hivi. Tanuri ya mofa yapita hapo mbali sana, na bakteria wa kinyunya (donge la unga uliokandwa) nao huteketea humo. Walio hai utawapata kwenye mtindi au maziwa mala ambayo hayakupashwa moto baada ya kuganda.

Hata hivyo, mofa usiiache. Unga wa mtama usiokobolewa una ufumwele, yaani nyuzinyuzi za mimea, na huo ndio ninaoupa uzito wa kwanza. Miili yetu haiwezi kuumeng'enya, kwa hivyo hupita utumbo mwembamba na kufika utumbo mpana, na huko ndiko bakteria wengi wanakoishi. Wao huuchachusha na kutoa asidi ndogo ndogo, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Panya wa maabara walionyimwa ufumwele walionekana bakteria wao wakigeukia ute unaoukinga ukuta huo na kuula. Kunde, mbaazi za nazi, mchicha, ndizi mbichi: hivyo vyote ni riziki ya bakteria ulio nao tayari, kabla hujafikiria kuongeza wageni.

Wageni nao wana kazi. Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akiwemo Justin Sonnenburg, walitoa matokeo ya watu wazima 36 wenye afya. Nusu walikula ufumwele mwingi, nusu wakala vyakula vilivyochacha, kwa wiki 10. Waliokula vilivyochacha waliongezeka aina za bakteria tumboni, na protini 19 za damu zinazoashiria kinga ya mwili kuwaka bila haja zikapungua. Wa ufumwele hawakuongezeka aina kwa wastani. Miongoni mwao, walionufaika zaidi ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa na bakteria wa aina nyingi. Kundi la vilivyochacha lilifikia takriban vipimo sita vya vyakula hivyo kwa siku, kwa hivyo bakuli moja la mtindi siku ya Ijumaa usilitarajie makubwa.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa jirani zetu. Mwaka wa 2025 yalichapishwa matokeo ya vijana wa kiume 77 wa Tanzania, eneo la Kilimanjaro. Baadhi ya wa mashambani walipewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili, na baadhi ya wa mjini wakapewa vyakula vya asili, yaani mboga, jamii ya kunde na nafaka nzima. Katika muda huo mfupi dalili za mwako huo wa kinga ndani ya damu zilipanda kwa kundi la kwanza na kushuka kwa la pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Ni wanaume tu, na muda ni mfupi. Lakini wengi wetu Lamu nasi tumeanza kufuata njia hiyo ya chipsi, na mimi yanitia wasiwasi.

Kuhusu gesi: hutoka kwa bakteria hao hao wanapochachusha ufumwele. Ongeza kunde kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, loweka usiku na mwaga maji ya kulowekea. Mtindi ukitengeneza nyumbani, chemsha maziwa kwanza, hasa yanayotoka kwa wafugaji wa bara, maana maziwa mabichi huweza kubeba brusela, bakteria waletao homa. Yakipoa hadi vuguvugu, ndipo utie mbegu ya mtindi. Achari ya ndimu kula kidogo tu, kwa sababu ya chumvi, na zaidi ukiwa na presha.

Vidonge usinunue. Mwaka wa 2020 chama cha madaktari wa tumbo wa Marekani kilipitia ushahidi na hakikupendekeza vidonge hivyo kwa maradhi mengi ya tumbo. Faida hutegemea aina mahususi ya bakteria, na makopo mengi hayaelezi ni ipi. Ukiona damu chooni, unapungua uzito bila sababu, au maumivu yanakuamsha usiku, nenda hospitali ukapimwe, usingoje chakula kikutibu.