Kabla hujakata suruali: kwa wanaoanza kushona vibeti vya mitumba

Wanaokuja kwangu Langoni, hapa mjini Lamu, kujifunza huja na suruali kuukuu mkononi, wanataka kukata siku hiyo hiyo. Huwaambia waweke mkasi chini kwanza. Nami nilianza kwa pupa kama wao, na kibeti changu cha kwanza kuuzwa kiling'oka mkanda gatini, mwenyewe ana mguu mmoja ndani ya mashua. Nilimrudishia pesa zake, na usiku ule nikakifumua chote nione kilichotokea.

Uzi ulikuwa mzima. Mkanda nilikuwa nimeukata upande wa ndani wa paja, pale panaposuguana mtu akitembea, na kitambaa kilikuwa kimeisha zamani. Tangu hapo kila suruali huigeuza nje ndani, nikaiinua juani. Panapopenya mwanga sipakati. Goti na makalio vilevile huchoka mapema. Nguvu iko chini ya goti na kwenye kiuno, na kiuno chenyewe ni mkanda uliokwisha kushonwa tayari. Ndiyo maana sikimbilii kamera sokoni, yaani mitumba ya daraja la kwanza. Fagia, yale mabaki ya mwisho, iliyopasuka goti yanitosha, kwa sababu lile goti silitaki. Jinzi zinazovutika ziacheni, kibeti chake hulegea kikishatiwa vitu.

Kisha ifue na uianike. Ikikauka, isugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na buluu, suruali bado inachuja, irudishe majini. Mji huu umejaa kanzu nyeupe, na kibeti hukaa kwapani.

Sasa fumua, taratibu, uzi kwa uzi. Waliokulia nyumba zinazoshonwa kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono tundu kwa tundu, hawanisumbui hapa, vidole vyao vimeshazoea subira. Anayekata pembeni mwa mshono kwa haraka hupoteza kitambaa ambacho baadaye angekihitaji kwa pindo. Ukilaza vipande mezani, fuata mwelekeo wa nyuzi. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na kibeti hukaa upande.

Cherehani haina mengi. Sindano namba 16 kwa jinzi, 14 kwa shati, uzi wa poliesta. Pindo likiwa nene, ligonge kwa nyundo lilale, kisha zungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano ipite. Zile cherehani kuukuu za kuzungusha kwa mkono ni nzuri sana kwa anayeanza, maana haziwezi kukukimbia.

Zipu nunua ya plastiki. Hewa yetu ina chumvi, na zipu ya chuma ikishika kutu hukwama na kuacha doa kwenye bitana. Hata sindano usiiache imechomekwa kwenye kazi usiku. Bitana ikate ndogo kidogo kuliko ganda la nje, nusu sentimita inatosha, isije ikajikunja ndani. Mimi hutumia shati la pamba au kanga iliyopasuka.

Lakini zipu si kazi ya wiki ya kwanza. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, mfuko wa sokoni hauna msimu, na mishono yake yote ni mistari iliyonyooka. Shona mifuko hiyo kumi kwanza, ndipo uje kwenye kibeti.

Mkanda uingize katikati ya ganda na bitana, na nyuma yake uweke kiraka cha jinzi. Shona mraba, kisha mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Kibeti kikimalizika usikitoe nje siku hiyo. Kitie kilo mbili za mchele, kitundike msumarini, ulale. Asubuhi, kabla ya kukishusha, tazama pale mkanda unapoingia. Ukiona tundu za sindano zimefunguka, fumua.