Kigunduzi cha metali kwenye unga unaoanguka: maswali na majibu

Vali ya kutema ikae umbali gani chini ya kigunduzi?

Vali ya kutema ni ile inayogeuza njia ili unga wenye metali utoke pembeni. Anza kupima kimo cha kuanguka pale unga unapoanza kuanguka, siyo kwenye mdomo wa kigunduzi. Kikianguka mita 1 kabla ya kufika kwenye koili (nyaya zilizozungushwa ndani ya kigunduzi, zinazohisi metali), kipande cha metali kinapita kwa kasi ya karibu mita 4.4 kwa sekunde. Kigunduzi kutambua na vali kugeuka vikichukua jumla ya sekunde 0.1, kipande kitakuwa kimeshuka sentimita 49 hivi kabla njia haijabadilika. Weka angalau sentimita 60 kati ya koili na vali, kwa sababu hewa ya kompresa ikipungua presha vali huzubaa.

Unga mwembamba hucheleweshwa na hewa, metali haicheleweshwi kiasi hicho. Hesabu iwe ya metali. Na hopa (chombo cha juu unga unakotokea) ikiinuliwa nusu mita baadaye, zile sentimita 49 zinakuwa 59, yaani karibu akiba yako yote imeliwa na hakuna aliyegusa kigunduzi. Hili hutokea sana.

Vali yenyewe iwe ya namna ambayo hewa au umeme ukikatika, inaangukia upande wa kutema.

Kengele inalia ovyo, hasa mota ya mtetemo ikiwashwa. Hakuna metali yoyote kwenye unga.

Simamisha unga, acha kigunduzi kiwe hewani, kisha gonga fremu, ngazi na vizuizi vya karibu kwa nyundo ya mpira huku mwenzako akitazama kiwango cha mawimbi kwenye skrini. Kinachoruka unapogonga ndicho mchawi wako. Mara nyingi ni bolti iliyolegea: vyuma viwili vinagusana na kuachana, mkondo unapata mzingo wa kuzunguka, na koili inauona kama metali inayopita. Chomelea kiungo hicho kabisa au kitenge upande mmoja kwa plastiki. Kukaza bolti peke yake kunasaidia kwa muda tu.

Halafu angalia bomba la plastiki linalopita ndani ya kigunduzi. Lishikiliwe juu na chini kwa vishikizo vyake, lisiegemee kigunduzi hata kidogo. Kila kigunduzi pia kina eneo lisilotakiwa kuwa na metali. Kipimo kiko kwenye kitabu chake, na kwa metali inayotembea, kama mota au mlango, eneo hilo ni kubwa kuliko kwa metali iliyotulia. Nyaya za inveta (kifaa cha kurekebisha kasi ya mota) zipitishwe mbali.

Unga mkavu ukisugua plastiki ya kawaida huzalisha umeme tuli. Cheche hizo hutoa kengele za uongo, na penye vumbi la unga zinaweza kuleta mlipuko. Tumia bomba lisilojikusanyia umeme tuli, lile lililoidhinishwa na mtengenezaji wa kigunduzi. Usizungushie waya wa ethi ndani ya koili. Utakuwa umeweka metali mwenyewe.

Tunapima kigunduzi kwa fimbo yenye gololi ya metali tunayoichomeka kwenye bomba. Inatosha?

Haitoshi. Mkono huenda polepole kuliko unga unaoanguka, na kigunduzi kimesetiwa kwa kasi ya unga. Fimbo pia haisemi lolote kuhusu vali. Kigunduzi kinaweza kulia vizuri kabisa na gololi ikaenda na mzigo mzuri.

Dondosha gololi kupitia tundu la kupimia lililo juu, pale unga unapoanza kuanguka, huku unga ukiendelea kushuka. Ielekee katikati ya bomba, maana hapo ndipo kigunduzi ni dhaifu zaidi. Karibu na ukuta hata gololi ndogo huonekana. Tumia gololi za chuma, shaba na stenlesi, kila moja mara tatu, zikiwa ndani ya plastiki yenye rangi kali na namba. Jibu halali ni moja tu: gololi imeokotwa kwenye chombo cha unga uliotemwa. Isipoonekana, simamisha laini mpaka ipatikane.

Gololi ya stenlesi inapita, ya chuma ya ukubwa uleule inatemwa. Kimeharibika?

Hapana. Stenlesi nyingi hazivutwi na sumaku na hazipitishi umeme vizuri, kwa hiyo gololi yake huhitaji kuwa kubwa zaidi. Ukitaka kukamata ndogo, tafuta kigunduzi chenye tundu dogo zaidi. Kuongeza usikivu mpaka kengele zianze kulia bure kunawafundisha watu kuizima.

Nyaya za chekeche ni balaa zaidi. Waya wa chuma hukamatwa kirahisi ukishuka kwa urefu wake na hupenya ukikingama. Wa stenlesi ni kinyume. Kagua chekeche kila zamu.

Tuna sumaku tayari. Tunahitaji kigunduzi?

Ndiyo. Sumaku haishiki shaba wala alumini.

Jaribio likifeli tufanye nini?

Zuia mzigo wote uliopita tangu jaribio la mwisho lililofaulu, tengeneza, pima upya, kisha upitishe tena mzigo huo kwenye kigunduzi kinachofanya kazi. Ndiyo maana muda kati ya majaribio upangwe kwa kiasi cha mzigo mnachoweza kukizuia kabla lori halijaondoka.