Mita 400, ndoo moja na saa ya simu: majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

*Serikali iliahidi hadi 2025 maji yafike kwa asilimia 85 ya watu wa vijijini. Kijiji chetu huku Ukerewe kina vituo vya maji na tunaambiwa tumeshafikiwa, lakini foleni haiishi. Tumefikiwa kweli?* — Msomaji, Ukerewe

Rudi kwenye kipimo chenyewe. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kwa vijijini lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na bomba moja lihudumie watu 250. Mita 400 wengi wanazipata. Kinachopotea ni zile lita 25, na hapo ramani ya vituo haitakusaidia.

Chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Tuseme inajaa kwa dakika 1, na kubadilishana ndoo kunakula sekunde 20. Kama kituo hufunguliwa saa 6 kwa siku, asubuhi na jioni, zitatoka ndoo 270, yaani lita 5,400. Watu 250 wanahitaji 6,250. Kwa hiyo hata bomba zuri halitoshi kwa ratiba hiyo. Ongezeni saa moja tu na mambo yatakaa sawa. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, kwa zile saa 6 kila mtu anaambulia kama lita 12. Hiyo ni nusu ya ahadi, ingawa kituo kipo na kimezinduliwa kwa ngoma.

Pimeni alfajiri tangi likiwa limejaa, kisha jioni. Jioni ikilegea sana, tatizo liko kwenye tangi au pampu. Pampu za jua huvuta kidogo siku za mawingu, na masika ndipo lawama huwa nyingi. Ikiwa ni dhaifu nyakati zote, mwombeni fundi wa chombo cha watumia maji, yaani jumuiya inayoendesha mradi wenu, afungue koki. Maji yakiruka kwa nguvu bila koki, mbovu ni koki. Yakiendelea kudondoka kivivu, akague chujio dogo karibu na dira, maana mchanga hujikusanya pale, kisha afuate bomba kutafuta panapovuja.

Andikeni sekunde za siku tatu, asubuhi na jioni, mziwasilishe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na ombi la kusomewa mapato na matumizi ya chombo chenu. Nakala iende RUWASA wilayani, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 2019 chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka huo. Barua ya "maji ni shida" wanazo nyingi. Yenye sekunde ni vigumu kuijibu kwa maneno matupu.

*Naishi mlimani, Mwanza mjini. Chini ni mwamba, shimo la choo halichimbiki. Majirani wameunganishwa bomba dogo la majitaka, nami nimeshauriwa niunge. Litaziba?* — Mama mwenye nyumba

Unga, mama. Mbadala wake mnaujua: kutapisha choo mvua ikinyesha, na uchafu kuteremka kwa walio bondeni na hatimaye ziwani, kunakotoka maji tunayokunywa.

Mtandao huu hutumia mabomba membamba kuliko ya barabara kuu, kwa hiyo hausamehe uzembe. Kutoka chooni hadi chemba ya kwanza weka bomba la inchi 4, kila mita ishuke sentimita 2, na kila kona iwe na chemba yenye mfuniko unaofunguka. Choo kiwe cha kumwaga maji. Usipomwaga, kinyesi kinakauka njiani. Maji ya mvua ya paa na ya ua yasiingie kabisa, kwani hubeba mchanga na kokoto na kufurisha chemba za walio chini yako.

Jikoni ndiko kwenye hatari tusiyoisema. Mafuta ya sangara yakipoa huganda ndani ya bomba, na dagaa walioanikwa mchangani huacha mchanga kwenye maji ya kuoshea. Oshea dagaa kwenye beseni, acha mchanga utuame, umwage maji ya juu tu. Pedi na nepi, kwenye pipa la taka.

*Ziwa likiwa la kijani, nikichemsha maji nayanywa?* — Kijana, Sengerema

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini sumu ya mwani ule wa kijani haiondoki kwa moto. Tafuta chanzo kingine hadi rangi iondoke. Maji ya ziwa ya kuogea, hata yakiwa meupe, yatulie siku 2 kwenye pipa lenye mfuniko lisilo na konokono. Vimelea vya kichocho havimalizi saa 48 bila kupata mwili wa mtu.